Barakoa Katika Uwanja wa Fahari

Ngoma ni kazi ya sanaa isiyokuwa na mtunzi mmoja, na kwa sababu hiyo wahakiki wa fasihi wameiachia wataalamu wa mila waishughulikie wapendavyo. Shairi hupimwa kwa vina na mizani, hadithi hupimwa kwa wahusika wake. Ngoma huulizwa tu kama ilifana. Historia ya nchi ya Handeni na Korogwe yatoa kipimo kikali zaidi ya hicho, nacho chafaa kutumiwa hata mbali na Tanga: je, ngoma hiyo iliwapa mahali pamoja watu waliokuwa hawapatani?

Nchi hiyo yajua maana ya kuwa wengi. Wazigua, Wanguu, Wabondei na Wasambaa hujihesabu watoto wa Seuta, lakini hakuna miongoni mwao apendaye kuitwa kwa jina la nduguye. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka wa 1893 ilifuatwa na mashamba ya mkonge, na mkonge ukaleta manamba kutoka nchi za mbali, kila kundi na lugha yake na ngoma yake. Huko pwani ngoma ya beni, ambayo T. O. Ranger aliiandikia kitabu mwaka wa 1975, iliigawa miji kambi mbili, Marini na Arinoti. Kila kambi ilikuwa na mfalme wake, maofisa wenye vyeo vya kujipa, na sare zilizoshonwa kwa kuwaiga Wazungu. Mgeni aliyetazama aliona ugomvi uliovishwa nguo nzuri. Hakuona kwamba kambi hiyo hiyo iliwazika wafu wake na kuwatazama wagonjwa wake, wala kwamba pasingalikuwa na kambi ya pili, ile ya kwanza isingaliona haja ya kushona sare.

Juu ya milima inayoitazama Korogwe, Wasambaa walikuwa na fikra nyingine juu ya kugombana, ambayo Steven Feierman aliieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1990. Nguvu mbili zilizo sawa zikikabiliana, nguvu kwa nguvu, nchi huharibika na mvua hukosekana. Nguvu moja ikizifunika nyingine, nchi hupona. Beni huipunguza makali fikra hiyo. Kambi mbili zenye nguvu sawa zaweza kukabiliana mwaka mzima na nchi isiharibike, mradi ziwe na uwanja wa kukutania, siku inayojulikana, na watazamaji wa kutoa hukumu. Fikra hizi mbili, ya mlimani na ya pwani, zitahitajika hapa chini.

Tamasha linalohakikiwa halikufanyika Handeni wala Korogwe. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kilichorithiwa kutoka kwa serikali ya Kiingereza na kuongezewa ukali mwaka wa 1998, chatoa kifungo cha miaka 30 hadi maisha kwa yale yanayoitwa maingiliano kinyume cha maumbile, na hilo latosha kueleza kwa nini mtu wa Segera au Mombo ampendaye mwenziwe wa jinsia yake hatafuti uwanja. Visiwani hata marehemu hakupewa uwanja: mwezi wa Septemba 2006 sherehe iliyokuwa imetengenezwa Mji Mkongwe kwa kumbukumbu ya Freddie Mercury, mwimbaji aliyezaliwa Unguja mwaka wa 1946, ilifutwa baada ya jumuiya ya Uamsho kuipinga. Uwanja ulipatikana Uganda. Tarehe 4 Agosti 2012, katika bustani ya mimea ya Entebbe kando ya ziwa, watu wapatao 100 waliandamana kwa mara ya kwanza katika nchi hiyo wakijiita kwa jina lao wenyewe, makuchu. Neno hilo husemwa kuwa limetoka katika Kiswahili, ingawa msemaji wa kawaida wa Korogwe akilisikia atauliza maana yake. Aliyeongoza shughuli hiyo alikuwa Kasha Jacqueline Nabagesera, mwanamke aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha FARUG mwaka wa 2003.

Kabla ya kulihukumu tamasha, yafaa kulihukumu jina lake. Waingereza na Wamarekani huliita kwa neno ambalo Kiswahili hulifasiri fahari, na fasiri hiyo si mbaya ila imebeba mzigo wa mwingine. Kwa Mswahili, nyumba ya fahari ni nyumba iliyogharimu fedha nyingi. Ajifaharishaye ni yule anayewaonyesha wenzake alicho nacho na wao hawana. Neno la Kiingereza lilichaguliwa New York, yalikofanyika maandamano hayo tarehe 28 Juni 1970, ili liwe kinyume cha aibu. Katika Kiswahili kinyume cha aibu si fahari. Aibu huondolewa kwa sitara. Mwenye kuvua hupewa nguo akasitirika, asiye na pa kulala hupewa pa kulala akasitirika, na maiti hutiwa kaburini akasitiriwa. Neno moja lakusanya nguo, nyumba na kaburi, na wala hapana katika yote hayo dalili ya uongo au woga.

Juu ya neno hilo palijengwa mapatano ya kale ya pwani na watu wa namna hii. Gill Shepherd, aliyeandika juu ya Mombasa mwaka wa 1987, na Deborah Amory, aliyeandika mwaka wa 1998, walieleza watu waliokuwa wakijulikana na kila mtu, walioonekana katika harusi na ngoma za wanawake, na ambao hawakubughudhiwa kwa kuwa hawakulitangaza jambo lao. Lugha yenyewe iliyashika mapatano hayo: shoga ni jina la upendo ambalo mwanamke humwita rafiki yake, na jina hilo hilo akiitwa mwanamume huwa ni jambo jingine, kwa sauti nyingine. Wanuri Kahiu alipoipa filamu yake ya mwaka wa 2018 jina la Rafiki, akiitoa katika hadithi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyopata tuzo ya Caine mwaka wa 2007, alitumia hila hiyo hiyo ya lugha: neno linalosema kweli na kusitiri kwa pamoja. Bodi ya filamu ya Kenya haikushawishika, ikaipiga marufuku.

Basi wale wasemao kwamba tamasha la fahari ni kitu kigeni wana neno, ila hawalisemi vizuri. Ugeni wake hauko katika mapenzi, ambayo yalikuwapo pwani kabla ya reli. Uko katika kuyaacha mapatano ya sitara. Na mpasuko mkubwa kati ya makuchu wenyewe ulikuwa hapo. Palikuwa na mipasuko mingine, ya fedha za wafadhili, ya nani aseme mbele ya wageni, ya wanawake kulalamika kwamba wanaume wamewatangulia, ya waliobadili jinsia kusahauliwa na wote wawili, ya Kampala kusema kwa niaba ya wilaya. Hiyo hupatikana katika kila chama, hata cha ushirika wa kahawa. Lakini hitilafu kati ya atakaye kuonekana na atakaye kusitirika haifanani na hizo, kwa sababu mmoja akifanya atakalo aweza kumwangamiza mwenziwe bila kumgusa. Picha moja gazetini yatosha.

Jambo hilo lilikuwa limekwisha kuonekana kwa macho. Tarehe 2 Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lililoitwa Rolling Stone, lisilo na uhusiano wowote na lile la Marekani, lilitoa majina na picha za watu liliosema ni wapenzi wa jinsia moja, pamoja na wito kwamba wanyongwe. Watatu walikwenda mahakamani: Kasha Jacqueline, David Kato Kisule na Onziema Patience. Tarehe 30 Desemba 2010 Mahakama Kuu iliwapa haki, ikilizuia gazeti na kuliamuru lilipe fidia. Kabla ya mwezi mmoja kwisha, tarehe 26 Januari 2011, Kato aliuawa nyumbani kwake. Katika maziko yake mhubiri aligeuza ibada kuwa lawama, rafiki za marehemu wakamnyang'anya kipaza sauti, wanakijiji wakakataa kumzika, na jeneza likachukuliwa hadi kaburini na makuchu wenyewe.

Hapa pana ufunguo ambao wahakiki wengi wameupita. Mapatano ya sitara yana masharti mawili: wewe ujisitiri, nasi tutakusitiri. Siku ile jamii ilivunja sharti lake mahali ambapo desturi huliona kuwa zito kuliko pote, yaani mdomoni mwa kaburi. Aliyenyimwa sitara hata akiwa maiti hana tena cha kupoteza kwa kuiacha, na walio hai nyuma yake hawana sababu ya kuiamini. Tamasha la Entebbe, lililokuja miezi 18 baadaye, lasomeka vibaya likisomwa kama majivuno ya watu walioshiba. Lasomeka vizuri zaidi likisomwa kama kuondoa matanga. Katika desturi za Waswahili msiba hauachwi uishe wenyewe. Hutengwa siku, watu wakala, wakaambiana kwamba kilio kimekwisha, kila mmoja arudi kwenye kazi yake. Kato hakupewa siku hiyo na kijiji, na walio wake wakajitengea.

Filamu iitwayo Call Me Kuchu, ya Katherine Fairfax Wright na Malika Zouhali-Worrall, iliyoonyeshwa Berlin mwezi wa Februari 2012 na kupata tuzo ya Teddy, imeyahifadhi maziko hayo vyema kuliko maandishi yoyote. Ni kazi yenye huruma na subira. Upungufu wake ni kwamba yamfuata marehemu kwa uaminifu mkubwa mno hata makuchu waliobaki waonekana kama kundi moja lenye sauti moja. Mtazamaji huondoka akijua jinsi walivyolia, asijue jinsi walivyogombana; naye asiyejua ugomvi wao hataona Entebbe ilikuwa kazi ngumu kiasi gani.

Polisi walifika Entebbe wakasema wameambiwa kuna harusi ya wanaume. Wakawakamata watu kadhaa, wakawaachia. Kosa lao, likitazamwa kwa jicho la mhakiki, lilikuwa kosa la fani: waliona nguo za rangi, nyimbo, vigelegele na watu wawili wawili, wakakata shauri kwamba hiyo ni harusi, kwa kuwa hawakuwa na jina jingine la furaha ya hadhara. Hawakuwa mbali sana na ukweli kuliko magazeti ya nje, yaliyohesabu nyuso zilizoonekana na kulipima tamasha kwa hesabu hiyo. Kadiri nyuso zilivyokuwa nyingi, ndivyo ushujaa ulivyosemwa kuwa mwingi.

Lakini katika maandamano hayo ya Entebbe, mwaka wa kwanza na miaka iliyofuata, baadhi ya watu walivaa barakoa au walijipaka rangi usoni. Wageni walizitaja barakoa hizo kwa masikitiko, kama dosari ya tamasha. Yamkini zilikuwa ndicho kiungo chake kilichobuniwa vizuri kuliko vyote. Barakoa pwani ilikuwa vazi la sitara kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Bibi wa Unguja aliivaa usoni akitoka hadharani, na aliyeivaa hakuhesabiwa kuwa amejificha kwa hofu bali kuwa ametoka kwa heshima yake. Kuivaa katika tamasha la fahari ni kuyakalisha pamoja maneno mawili yaliyokuwa yakigombana. Asiyetaka kuonekana amekuja, na mwenye kutaka kuonekana hakumlazimisha. Kambi mbili zimeingia uwanja mmoja.

Jambo hili halikuzaliwa Entebbe. Johannesburg, tarehe 13 Oktoba 1990, katika maandamano ya kwanza ya namna hiyo Afrika ya Kusini, ambayo Simon Nkoli na Beverley Ditsie walikuwa miongoni mwa viongozi wake, walioogopa kuonekana waliambiwa waje na mifuko ya karatasi itapatikana ya kuvaa kichwani. Nkoli alikuwa amekaa kizuizini na kushitakiwa katika kesi ya Delmas kwa kuupinga utawala wa ubaguzi. Alijua kutofautisha mwoga na mtu mwenye kazi ya kupoteza. Mfuko wa karatasi si vazi zuri. Ulifanya kazi ya barakoa.

Mji huo huo ulitoa mfano wa kinyume, tena katika mwaka ule ule wa Entebbe. Tarehe 6 Oktoba 2012 wanawake wa kundi la One in Nine walijilaza barabarani mbele ya maandamano ya Johannesburg, wakaomba dakika moja ya kimya kwa ajili ya wanawake Weusi wapendao wanawake na watu waliobadili jinsia waliouawa. Maandamano yalikuwa yamehamia mitaa ya matajiri na yamekuwa ya biashara na muziki. Waandalizi waliona ni usumbufu, pakatokea makelele na kusukumana, na mwezi wa Aprili mwaka uliofuata chama kilichoyaendesha kikavunjwa. Lililoombwa lilikuwa dakika moja tu, na kwa kuinyima dakika hiyo chama cha miaka mingi kilikufa. Hayo ndiyo ambayo Wasambaa wangaliyaita nguvu kwa nguvu: fahari ya waliofiwa na fahari ya wasiofiwa zilikabiliana pasipo uwanja wa kuzipokea zote mbili. Entebbe watu walikuja kutoka matangani. Johannesburg matanga yalikuja barabarani yakafukuzwa.

Sifa ya Nabagesera kama kiongozi isitafutwe basi katika ujasiri peke yake, ingawa ujasiri alikuwa nao, na tuzo ya Martin Ennals ya mwaka wa 2011 na ya Right Livelihood ya mwaka wa 2015 zimekwisha kuushuhudia. Itafutwe katika utunzi. Kiongozi wa tamasha hana mamlaka ya kumwamuru mtu apatane na mwenziwe. Alicho nacho ni kupanga nani atangulie, nani afuate, na asiyetaka kutangulia wala kufuata akae wapi. Ni kazi ya mfalme wa beni, si ya mfalme wa mlimani. Hakuzifunika nguvu za wengine kwa nguvu zake.

Hata hivyo tamasha lilikuwa na upungufu ambao heshima kwa mwandalizi isifunike. Lilihitaji bustani, na bustani ina lango. Aliyekuwa Kampala au Entebbe aliweza kufika. Aliyekuwa kijijini, kwa baba yake, hata barakoa isingalimfaa, kwa kuwa angeulizwa alikwenda wapi. Inaelekea Nabagesera aliuona upungufu huo, maana mwezi wa Desemba 2014, baada ya Mahakama ya Katiba kuitangua tarehe 1 Agosti sheria ya mwaka huo kwa sababu ya akidi ya Bunge, alitoa jarida lililoitwa Bombastic na likagawanywa bure. Ndani yake makuchu walisimulia maisha yao wenyewe, wengine kwa majina yao na wengine bila majina. Kwa mwanafunzi wa fasihi hilo ni tukio kubwa kuliko maandamano. Miaka minne baada ya Rolling Stone kuchapa majina ya watu bila hiari yao, karatasi ile ile ya Kampala ilitumiwa na watu wale wale kuamua wenyewe kama watachapa majina yao au hapana. Kisa kisichokuwa na jina kilikaa ukurasa mmoja na kisa chenye jina, wala hapana msomaji aliyeweza kusema kwamba kimoja ni cha kweli kuliko kingine. Si kila kilichoandikwa humo ni kizuri. Baadhi ya visa vyaenda mbio hadi kwenye mafundisho kabla msomaji hajamjua msimulizi. Lakini umbo la jarida zima ni la barakoa, nalo lilifika mahali ambapo maandamano hayakufika.

Mwaka wa 2016 uwanja ulianza kufungwa. Usiku wa tarehe 4 Agosti polisi walivamia klabu moja ya Kampala wakati wa mashindano ya urembo ya juma la tamasha, wakafunga milango, wakakamata watu na kuwapiga picha. Mmoja aliumia vibaya baada ya kuruka kutoka ghorofani. Baadhi ya waliokuwamo walisema kwamba polisi waliwavua vitambaa na barakoa walizojifunika nazo ili wapigwe picha. Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, aliyefariki mwaka wa 2022, alisimama imara dhidi ya maandamano, na mwaka wa 2017 tamasha likaahirishwa kabisa. Kakuma, katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya, wakimbizi waliandamana mwezi wa Juni 2018, wengi wao wakiwa wametoka Uganda. Vikafuata vitisho, na kabla ya mwaka kwisha wengi wakahamishiwa Nairobi kwa usalama wao. Huko hapakuwa na bustani wala lango. Palikuwa na mahema, na kila aliyekaa jirani na aliyeandamana alihesabiwa kuwa ameandamana, atake asitake.

Tarehe 26 Mei 2023 Rais Museveni alitia sahihi sheria mpya, na tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ikaacha sehemu zake nyingi zisimame. Wasomaji wameshughulika sana na vifungu vya kunyonga na kufunga maisha. Kwa uhakiki huu kifungu kizito ni kingine, kile kinachoharamisha kuchapa na kueneza maandishi yanayosemwa kuyakuza mambo hayo, kwa kifungo cha hadi miaka 20. Maandamano yalikuwa yamekwisha kuzuiwa bila kifungu hicho. Kilichobaki kuzuiwa kilikuwa ni ukurasa usio na jina.